Historia ya Kujipamba Uso

Ni vigumu kuonyesha taifa duniani, kubwa au dogo, lililopata kuishi bila ya pambo. Watu walioishi bila ya vitabu wamekuwapo. Waliokaa bila ya wafalme wamekuwapo. Hata wasiojua matumizi ya chuma historia imewaona. Lakini ni nani awezaye kututajia kabila lisilopaka, lisilotoga, lisilosuka wala lisilochora? Kwa hiyo mwanafunzi wa historia hafanyi upuuzi akiuliza habari za wanja na poda, kama aulizavyo habari za vita na mikataba. Ndani ya kisanduku cha pambo mna habari za biashara, za elimu ya madini, za vyeo vya watu, na za fikira walizokuwa nazo juu ya miili yao wenyewe.

Insha hii yakusudia kuonyesha jambo moja. Ufundi wa kujipamba una njia mbili, nazo zafanana kwa vyombo lakini zatofautiana kwa nia. Njia ya kwanza huipokea ngozi kama ilivyo, ikaihudumia. Njia ya pili huihesabu ngozi kuwa kosa, ikataka kuifuta. Njia ya kwanza imewapa watu furaha na riziki. Ya pili imewapa watu maradhi, na wengine imewapa mauti. Na tufuate nyayo za zote mbili.

Ushahidi wa kale sana watoka katika bara letu. Katika pango la Blombos, lililo pwani ya kusini ya Afrika Kusini, wachimbaji wa mambo ya kale walivumbua mwaka 2008 makombe mawili ya bahari yaliyotumiwa kuchanganyia rangi yapata miaka 100,000 iliyopita. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya udongo mwekundu uliosagwa, mkaa, na mifupa iliyotoa mafuta. Kando yake palikuwa na mawe ya kusagia. Tazama basi umri wa kazi hii: kabla ya jembe, kabla ya chungu, mtu wa Afrika alikwisha kujua kupima, kusaga na kuchanganya rangi.

Katika nchi ya Misri kazi hiyo ilifikia daraja ya elimu. Kibao mashuhuri cha Mfalme Narmer, kilichochongwa yapata mwaka 3100 kabla ya Kristo, kimejaa picha za vita na ushindi. Lakini katikati yake pana shimo la duara, mfano wa mashimo yaliyotumiwa kusagia rangi ya macho. Hivyo habari za ufalme ziliandikwa juu ya umbo la chombo cha wanja! Wamisri, wake kwa waume, walipaka wanja mweusi uliosagwa kutokana na jiwe la galena, lenye madini ya risasi, na rangi ya kijani iliyotokana na jiwe la malakiti. Haukuwa urembo mtupu. Jua la jangwani ni kali, na maradhi ya macho yalikuwa mengi. Maandiko ya tiba yaliyoandikwa juu ya mafunjo yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo yataja wanja miongoni mwa dawa za macho. Mwaka 1999 wataalamu wa Ufaransa walitangaza matokeo ya kuchunguza unga uliosalia katika vikopo vya Kimisri vilivyohifadhiwa katika jumba la Louvre. Waliona humo chumvi za risasi ambazo ni adimu sana katika maumbile, wakakata shauri kwamba ziliundwa kwa mikono ya watu, kwa kazi ya kuchanganya na kuchuja iliyorudiwa siku nyingi. Aliyetengeneza wanja ule alikuwa fundi, na ufundi wake ulikuwa mwanzo wa elimu ya kemia.

Tukirudi kwetu pwani, twaona ufundi wa jamaa hiyo. Katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vijiti vya shaba vilivyotumiwa kutilia wanja machoni, ishara kwamba bibi wa mji ule wa mawe alikaa mbele ya kioo chake karne nyingi kabla ya meli za Wareno. Kutoka Lamu hata Unguja wanawake walijua kazi ya liwa, yaani mti wa msandali unaosuguliwa juu ya jiwe pamoja na maji au marashi hata ukawa ugiligili wa kupaka usoni. Walijua dalia, unga wa manjano wenye kunukia. Walijua hina, majani yapondwayo na kuchanganywa na ndimu, ambayo huacha wekundu mikononi na miguuni. Na walijua kufukiza nguo kwa udi na kufunga kikuba cha asumini. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 habari za mavazi, mapambo na manukato ya jumba la baba yake, na kwa maandishi hayo watu wa mbali walipata kujua kwamba mambo hayo yana taratibu kama zilivyo kazi nyingine za mikono.

Na taratibu hizo zilifundishwa. Binti alikuwa na somo wake au kungwi, mama mtu mzima, aliyemketisha na kumwelekeza: hina ikae muda gani, liwa isuguliwe kwa wepesi gani, wanja upite wapi. Lakini somo hakumfundisha binti rangi peke yake. Alimfundisha usafi, heshima, maneno ya staha na kujitunza. Katika mafundisho hayo pambo lilikuwa sehemu ya adabu. Liwa haikupakwa ili binti awe mtu mwingine. Ilipakwa ili ngozi yake iwe laini na yenye kunukia, yeye akabaki yeye.

Bara nako kulikuwa na ufundi wake. Morani wa Wamaasai na Wasamburu walichanganya udongo mwekundu na mafuta, wakajipaka kichwani na mabegani. Wanawake wao walipanga ushanga kwa rangi zenye maana, hata mtazamaji aliyejua aliweza kutambua hali ya mwenye kuuvaa. Msanii Joy Adamson, ambaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa Kenya katika mavazi na mapambo yao ya asili, alifanya kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, akatoa mamia ya picha. Nyingi zilihifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Nairobi. Mwanafunzi akizitazama atakuta nyuso zilizopakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Lakini hatakuta hata moja iliyopakwa ili ifanane na uso wa taifa jingine.

Sasa tuifuate njia ya pili. Chanzo chake si Afrika. Katika Ulaya ya karne ya 16 ngozi nyeupe sana ilikuwa alama ya cheo, kwa kuwa mkulima na mtumishi walichomwa na jua shambani, na mwenye mali alikaa kivulini. Basi mabibi wa majumba makubwa walijipaka unga mweupe wa risasi, uliopatikana kwa kuyaweka madini hayo juu ya mvuke wa siki. Unga huo uliganda usoni vizuri, ukafunika makovu ya ndui, maradhi yaliyowashika watu wengi wa zama hizo, hata Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1562. Lakini risasi ni sumu. Iliharibu ngozi, na kadiri ngozi ilivyoharibika ndivyo unga ulivyoongezwa ili kuficha uharibifu. Maria, mke wa Lodi wa Coventry, aliyesifiwa kwa uzuri katika mji wa London, alikufa mwaka 1760 akiwa na umri wa miaka 27, na watu wa wakati wake walisema kwamba aliuawa na rangi zake.

Jambo hili lastahili kufikiriwa. Mabibi hao walikuwa Wazungu, na weupe waliozaliwa nao haukuwatosha. Mwenye kuifanya ngozi yake kuwa kosa hana kikomo cha kusahihisha, kwa maana kipimo chake kimo machoni pa watu wengine, na macho ya watu hayashibi.

Kipimo hicho cha weupe kilivuka bahari pamoja na biashara ya watumwa na utawala wa kikoloni, na huko kilipata nguvu mpya. Hakikupima tena bwana na mtumishi wa taifa moja, kilipima mataifa. Sheria na desturi ziligawa ardhi, mishahara, shule, mahospitali na mitaa kwa rangi ya ngozi. Katika Kenya yenyewe ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu. Mtoto aliyekua katika mpango kama huo hakuhitaji mwalimu wa kumwambia kwamba rangi yake ni duni. Mambo yote yaliyomzunguka yalimwambia.

Wataalamu wawili Waamerika weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliupima uchungu huo katika miaka ya 1940. Waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu ila rangi, wakawauliza ni yupi mzuri. Wengi wa watoto hao walimchagua mweupe. Utafiti huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyokataza kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao. Mtoto wa miaka mitano alikwisha kufunzwa kutojipenda: hayo ndiyo madhara ambayo hayakuweza kuonekana kwa kioo.

Wafanyabiashara hawakukawia kuitambua hofu hiyo na kuigeuza fedha. Katika karne ya 20 marhamu na sabuni za kuchubua ngozi ziliuzwa Amerika, Asia na Afrika. Nyingi zilitiwa zebaki, ambayo huizuia ngozi isiumbe rangi yake ya asili. Rangi hiyo si uchafu wala adhabu, ni kinga. Ndiyo izuiayo sehemu ya miale ya jua isipenye na kuidhuru ngozi. Mwenye kuiondoa ni kama mtu abomoaye paa la nyumba yake ili nyumba ionekane na nuru. Tena zebaki haikai juu ya ngozi tu. Huingia mwilini ikafika katika figo.

Nairobi ina nafasi katika habari hii. Mwaka 1972 madaktari waliofanya kazi katika mji huo walichapisha uchunguzi juu ya watu wazima waliougua maradhi ya figo yanayovimbisha mwili. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walikuwa wakitumia marhamu ya kuchubua ngozi yenye zebaki, na kwamba baadhi yao walipata nafuu walipoacha kuyatumia. Palipotiliwa mashaka zebaki, dawa nyingine iitwayo hidrokwinoni ilichukua mahali pake. Lakini mwaka 1975 madaktari wa Pretoria walieleza jinsi ngozi za waliotumia dawa hiyo kwa muda mrefu zilivyoota madoa ya weusi wenye ubuluu. Waliotafuta weupe walipata weusi wa ugonjwa badala ya weusi wa afya.

Serikali zilijaribu kuingilia. Katika Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 operesheni iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, ambayo ilikataza krimu za kuchubua ngozi pamoja na nywele za bandia, sketi fupi na nguo za kubana. Nia ya kulinda heshima ya Mwafrika ilikuwa njema. Lakini sumu na sketi ziliwekwa katika kapu moja, na makundi ya vijana wa kiume yaliwaandama wanawake barabarani. Aliyeaibishwa kwa ngozi yake na mkoloni sasa aliaibishwa kwa nguo zake na ndugu yake, na aibu haijapata kumfundisha mtu kujipenda. Afrika Kusini ilifuata njia iliyo bora zaidi: mwaka 1990 ilikataza dawa yenyewe, na ikawakataza wauzaji kutangaza kwamba bidhaa yao hung'arisha ngozi. Baadaye mataifa mengi yalifunga Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walisumishwa na zebaki ya kiwanda. Na mwaka 2023, katika mkutano wa Geneva, wanachama walikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome kutengenezwa na kuuzwa baina ya nchi ifikapo mwaka 2025. Hata hivyo mkataba ni karatasi. Mkorogo ungali ukiuzwa kwa siri, kwa kuwa mnunuzi wake angali yupo.

Je, dawa ya jambo hili ni kuacha kujipamba? Sivyo. Historia yatuonyesha kwamba waliotibu jeraha hili kwa mafanikio ni wale waliojifunza ufundi zaidi, wakautumia kwa nia iliyo sawa. Bibi Sarah Breedlove, aliyejulikana zaidi kwa jina la Madam C. J. Walker, alizaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa. Alikuwa mfua nguo. Aliunda dawa ya nywele, akajenga kiwanda Indianapolis mwaka 1910, na akawafundisha maelfu ya wanawake weusi kazi ya urembo, hata wakapata fedha zao wenyewe. Dawa ya kuchubua ngozi alikataa kuiuza. Kampuni yake ilianza kuiuza baada ya kufa kwake mwaka 1919. Ni funzo kubwa kwamba nia njema ya mwanzilishi haizikwi kaburini tu. Yaweza kuzikwa dukani pia.

Mwezi Januari 1962, katika mtaa wa Harlem mjini New York, kikundi cha mabinti kilichoitwa Grandassa Models kilifanya maonyesho ya mavazi kikiwa na nywele zao za asili na ngozi zao nyeusi bila ya kuzificha. Huo ulikuwa mmoja wa mianzo ya mwito uliovuma dunia nzima, kwamba weusi ni uzuri. Wakati huo huo wanawake walioonyesha mavazi katika misafara ya Ebony Fashion Fair, iliyoanza mwaka 1958, walikuwa na shida ya kazi: hapakuwa na poda wala krimu ya rangi yao madukani. Iliwabidi wachanganye wenyewe rangi hii na ile hata wapate inayolingana na nyuso zao. Bibi Eunice Johnson, mwenye maonyesho hayo, aliona kazi ya mikono yao, na mwaka 1973 akaanzisha vipodozi vya ngozi nyeusi. Hata mwaka 2017, kampuni ya mwimbaji Rihanna ilipotoa rangi 40 za krimu ya uso kwa mara moja, watu wengi walistaajabu. Yapasa tustaajabie zaidi kwamba ilichukua muda mrefu hivyo.

Katika habari hizo mna somo la ufundi. Poda nyingi za zamani zilitiwa unga mweupe wa zinki au wa titani; juu ya ngozi nyeusi unga huo hurudisha mwanga, na uso ukawa kama uliomwagiwa jivu. Msichana aliyeona hivyo katika kioo alidhani kosa ni la uso wake. Kosa lilikuwa la poda. Fundi ajuaye kazi huijaribu rangi penye taya, katika mwanga wa mchana, akaiangalia kama yapotea ndani ya ngozi ya shingo au yajitenga. Hujua kwamba weusi si rangi moja. Upo wenye wekundu ndani yake, upo wenye umanjano, upo wenye ubuluu. Huanza na uso safi, hupaka kidogo, na huosha kabla ya kulala. Husoma maandishi ya chombo, na kisicho na maandishi hakinunui. Wala hadanganywi na neno la kale au la asili: wanja mwingine hata leo una risasi, na piko nyeusi inayochanganywa na hina yaweza kuunguza ngozi. Mwanafunzi aliye chini ya kanuni za shule hahitaji kupaka lolote ili ayajue haya. Elimu hutangulia matumizi, kama vile somo alivyomketisha binti kabla ya siku ya arusi.

Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Walikusudia kwamba chombo kilichopakwa rangi tupu hakistahimili. Methali hiyo haikulaani rangi. Ililaani kuitegemea rangi mahali pa mti. Mti ulio mzuri waweza kupakwa, na ukioshwa ungali mti mzuri. Basi msomaji, wa kike au wa kiume, utakaposimama mbele ya kioo na kikopo cha rangi mkononi, jiulize swali ambalo Maria wa Coventry hakuulizwa na mtu kwa wakati: rangi hii yanihudumia, au yanikana? Ikiwa yakuhudumia, jifunze kuitumia kwa ustadi, maana ni kazi iliyo na umri wa miaka elfu nyingi katika bara lako. Ikiwa yakukana, ifunike uirudishe ilikotoka. Ngozi uliyo nayo ndiyo itakayokusindikiza maisha yako yote, nayo yastahili kutunzwa na mwenyewe.